Deraya na Kopo la Grisi

Hapana kitu kinachodanganya macho ya raia kama gwaride. Magari ya vita hupita yamepakwa rangi mpya, magurudumu yameoshwa, askari amesimama wima juu ya kila moja, na sisi tuliojipanga kando ya njia hupiga makofi tukiamini kwamba tumeona nguvu ya taifa. Kwa kweli tumeona rangi. Nguvu ya gari la vita haikai katika rangi, wala haikai katika mzinga peke yake. Hukaa katika ghala la vipuri, katika mkono wa fundi, na katika kopo la grisi lililofunguliwa kwa wakati wake. Vitu hivyo havipiti katika gwaride.

Msomaji, katika kurasa hizi nataka kutetea neno moja ambalo wakubwa wengi hawalipendi kwa kuwa halina shangwe. Nalo ni hili: nchi yenye fedha chache kama yetu ya Kenya haina haki ya kununua, wala ya kupokea bure, gari la deraya hata moja, kabla ya kuonyesha zitakapotoka fedha za kulitunza kwa miaka 20 ijayo. Afadhali magari 50 yanayokwenda kuliko 200 ambayo hapana ajuaye kama yataamka asubuhi. Mimi si askari. Ni mwalimu wa shule ya sekondari, nimetoka chuo cha ualimu na vitabu vya historia chini ya kwapa, na sijapata kuendesha hata pikipiki. Walakini raia hulipia vita mara mbili, kwanza kwa kodi yake na pili kwa watoto wake, na alipaye mara mbili hawezi kuambiwa anyamaze.

Naishi Pipeline, upande wa mashariki ya Nairobi, mtaa uliopata jina kwa jirani yake, kampuni ya bomba la mafuta. Nyumba zetu ni za ghorofa saba, nane na zaidi, zimesongamana hata mtu wa dirisha hili aweza kumpokeza chumvi mtu wa dirisha lile, na jua hufika chini kwa dakika chache tu mchana. Ndege za Uwanja wa Jomo Kenyatta hupita juu ya nguo tulizoanika. Kambi za askari za Embakasi zi karibu. Kila zamu ya kuandikisha askari ifikapo, vijana niliowafundisha mimi huamka alfajiri wakafanya mazoezi ya kukimbia katika barabara ya vumbi kabla matatu hazijaijaza. Wengine huandikwa. Basi ninaposema juu ya magari ya deraya, sisemi juu ya chuma; nasema juu ya wale watakaoketi ndani yake.

Chini ya nyumba nipangayo pana kiwanja kidogo cha mafundi wa motokaa, nacho ndicho kilichonifunza neno hili kabla sijalisoma popote. Miaka michache iliyopita bwana mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, alileta matatu mbili mpya. Zilikuwa na taa za rangi zote, picha za wachezaji mpira ubavuni, na muziki uliotikisa vioo vya ghorofa ya nne. Abiria waliziacha nyingine wakazingojea hizo. Lakini bwana yule alikuwa amekwisha kumaliza mkopo wake wote katika kununua na kupamba, na ilipofika zamu ya kubadilisha viatu vya breki alimwambia fundi angoje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja na mwisho wa mwezi mwingine. Asubuhi moja ya mvua gari moja lilikataa kusimama katika mteremko, likagonga lori kwa nyuma. Kondakta alikuwa jirani yangu wa ghorofa ya tatu, kijana mcheshi aliyekuwa akining'inia mlangoni kama ilivyo desturi yao. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Sasa anauza vocha na maji ya chupa kwenye kona, na mama yake bado hampi salamu mwenye magari yale.

Nilikwenda kwa fundi jioni ile, naye alikuwa akinawa mikono kwa petroli. Nikamwuliza kulikoni gari jipya vile kuharibika upesi.

"Mwalimu," alinijibu, "gari lile halikuharibika leo. Liliharibika siku taa zilipolipiwa kabla ya breki."

Nimelibeba jibu hilo mpaka katika jambo kubwa kuliko matatu.

Tuanze na historia, maana bila hiyo tutalaumu ovyo. Katika Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda. Mwaka uliofuata majeshi ya Somalia yaliingia Ogaden, na bendera ya Somalia yenye nyota ya pembe tano ilikuwa imebeba katika pembe mojawapo dai juu ya kaskazini mashariki ya nchi yetu. Serikali ilitazama kushoto ikaona vifaru, ikatazama kulia ikaona vifaru. Ikaagiza Uingereza vifaru vya Vickers Mk 3, ambavyo kwa maagizo mawili vilifika 76, pamoja na magari maalumu ya kuvivuta vikiharibika. Kila kifaru kina uzito wa tani zipatazo 38, mzinga wa milimita 105, na watu wanne ndani. Kabla ya hapo na karibu na wakati huo jeshi lilikuwa na gari jepesi la Kifaransa liitwalo Panhard AML, lenye magurudumu manne na uzito usiozidi sana tani tano, ambalo lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Siulaumu ununuzi ule. Jirani akinoa panga, hata mtu wa amani hutafuta fimbo. Lakini vita vile vya vifaru kwa vifaru havikuja. Vita vilivyokuja vilikuwa vya namna nyingine, navyo vilikuwa vimekwisha kutubishia hodi zamani. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, askari wetu walikuwa wakiuawa na mabomu yaliyofukiwa katika barabara za mchanga za kaskazini mashariki. Miaka 40 na zaidi ikapita. Oktoba 2011 majeshi yetu yakavuka mpaka kuingia Somalia kupigana na Al-Shabaab, na tangu hapo adui amerudia silaha ile ile ya kale: bomu lililofukiwa njiani, Lamu, Garissa, Wajir, Mandera. Halihitaji kiwanda. Lahitaji jembe, waya, na mtu mwenye subira. Na kwa bomu la namna hiyo kifaru cha mwaka 1978 hakina jibu la maana, si kwa sababu ni kibovu, bali kwa sababu kilibuniwa kupigwa risasi usoni, siyo kupigwa teke tumboni. Tena tani 38 haziendi kila mahali. Udongo mweusi wa kaskazini ukinywa mvua humeza lori tupu, sembuse kifaru.

Hapa niruhusu nieleze kidogo, maana nimeona hata watu wazima wakidhani kwamba deraya ni unene wa chuma tu. Bomu likilipuka chini ya gari lenye tumbo la bapa, kama bamba la kuchomea chapati, nguvu yote ya mlipuko hugota pale, ikalirusha gari na kuwavunja watu waliomo miguu na uti wa mgongo hata chuma kisipotoboka. Lakini tumbo likikunjwa mfano wa mtumbwi, lenye ncha chini na mbavu zinazopanda juu, mlipuko hugawanyika ukapita ubavuni. Maarifa hayo yalikuzwa kusini mwa Afrika katika miaka ya 1970, katika vita vya kikoloni na vya ubaguzi ambavyo hatuna sababu ya kuvisifu. Gari la Casspir la Afrika Kusini ndilo lililojulikana zaidi. Marekani yenye fedha zote ilipuuza somo hilo mpaka askari wake walipokwisha kufa kwa mamia katika barabara za Iraki, ndipo mwaka 2007 ikaanza kununua magari ya tumbo la mtumbwi kwa maelfu, kwa haraka na kwa bei ya mwenye haraka.

Angalia sasa jambo ambalo wapenda mitambo hulisahau. Casspir lilikuwa na injini ya lori la Mercedes-Benz. Buffel, ndugu yake, lilijengwa juu ya Unimog, gari la kazi la Kijerumani. Gari la UR-416, ambalo Kenya nayo iliwahi kuwa nalo, lilikuwa Unimog iliyovikwa chuma. Maana yake, fundi aliyejua lori la shambani alikuwa amekwisha kujua nusu ya gari la vita, na pampu ya maji ilipokufa hapakuwa na haja ya kuandika barua ng'ambo na kungoja miezi sita. Huo ndio ubuni wa maskini mwenye akili. Hapa kwetu matatu nyingi hujengwa namna iyo hiyo: fremu na injini ya lori la Isuzu, na mwili uliopigwa nyundo na kuungwa na mafundi wa Nairobi. Tunaijua njia hiyo. Tunaitumia kupeleka watu kazini kila siku ya Mungu, lakini tukifika kwenye jeshi tunaona haya nayo.

Badala yake tumefanya nini? Hesabu pamoja nami yale tu yanayojulikana hadharani. Vifaru kutoka Uingereza. Panhard kutoka Ufaransa. WZ-551 kutoka China. Puma M26 kutoka Afrika Kusini. Bastion ya Kifaransa, iliyokuja kwa msaada wa Marekani. Hizir kutoka Uturuki. M1117 kutoka Marekani. Na upande wa polisi, VN4 za China zilizopokewa mwaka 2016. Kila jina katika hayo lina chujio lake la mafuta, mkanda wake wa feni, kitabu chake cha maelezo, na huenda bisibisi yake pia. Mtu mwenye matatu tatu za aina tatu hucheka na jirani kwa mwaka mmoja, kisha huuza mbili ili kuokoa ya tatu. Sisi tunaendesha aina saba au nane na kujipongeza kwamba tuna marafiki wengi ulimwenguni.

Mwaka 2021 kampuni ya Kituruki Katmerciler ilitangaza mkataba wa kuiuzia Kenya magari 118 ya Hizir kwa dola milioni 91.4. Gawanya, utapata karibu dola 775,000 kwa gari moja. Nilipowapa wanafunzi wangu hesabu hiyo walishika vichwa. Lakini mkataba ule ulitajwa kuwa pamoja na vipuri na huduma ya matengenezo, na kwa hiyo mimi, mlalamikaji, nausifu kuliko wengine unavyosifiwa. Bei iliyo kamili na chungu ni bora kuliko bei tamu iliyo nusu. Swali langu ni la mwaka wa kumi: vipuri vile vikiisha, fungu la fedha la kununua vingine limekwisha kuandikwa, au tutasubiri kamera zirudi?

Kisha ikaja zawadi. Mwezi Mei 2024, rais wetu alipofanya ziara ya kitaifa Washington, Wamarekani walitangaza kwamba wangetupa magari ya M1117 yapatayo 150, ya namna waliyoiunda kwa ajili ya polisi wao wa kijeshi, pamoja na helikopta 16. Wengi walisema, na nasikia hata walimu wenzangu wakisema, kwamba cha bure hakichunguzwi meno. Mimi nasema kinachunguzwa mpaka gego la mwisho. Mtu akikupa ng'ombe mwenye kula gunia la nafaka kwa siku, nawe huna shamba, amekupa deni lenye mkia. Sikatai zawadi, nakataa kuipokea bila karatasi ya pili, ile inayosema nani atatoa vipuri, kwa miaka mingapi, kwa bei gani, na ni mafundi wetu wangapi watakaofundishwa mpaka waweze kuifungua injini na kuirudisha bila mgeni kusimama nyuma yao. Zawadi isiyo na karatasi hiyo hufaa kuwekwa mbele ya jumba la makumbusho.

Unadhani natisha watu kwa maneno? Twende Haiti. Tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile vijana wa Nairobi walipokuwa wakipigwa risasi nje ya Bunge kwa kupinga mswada wa kodi, polisi wa Kenya wa kwanza walitua Port-au-Prince kupambana na magenge. Walipewa magari mazito ya deraya ya MaxxPro, ambayo Wamarekani waliyaunda kwa vita vya Iraki na Afghanistan. Haikupita miezi mingi habari zikaanza kuvuja: magari yanaharibika, vipuri hakuna, doria zinapunguzwa kwa kukosa magari yanayokwenda. Machi 2025 gari lilinasa katika handaki lililochimbwa na magenge, na askari wetu mmoja miongoni mwa waliokwenda kuokoa hakurudi. Na tarehe 31 Agosti 2025 ajali ilitokea wakati gari moja la deraya lililoharibika lilipokuwa likivutwa. Askari mwingine wa Kenya akafa. Tafakari jambo hilo. Hakuuawa na risasi, wala na bomu. Aliuawa katika kuvuta gari bovu. Chuma kinene kilichotengenezwa kumkinga mtu na mlipuko kilishindwa kumkinga na uchakavu wa chuma chenyewe.

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo ya nchi maskini, na kwamba tungekuwa na fedha tungepona. Haikubaliki. Uingereza iliamua kulifanya upya gari lake la kubebea askari liitwalo Warrior, ikatumia zaidi ya pauni milioni 400, na Machi 2021 ikaifuta kazi yote kabla gari hata moja lililofanywa upya halijafika kikosini. Waingereza hao hao waliagiza magari mapya 589 ya Ajax kwa pauni bilioni 5.5. Yalikuwa yaanze kazi mwaka 2017. Yalitetemeka na kunguruma hata askari wa majaribio wakaumia masikio. Na Novemba 2025, wiki chache tu baada ya kutangazwa kwamba sasa yako tayari, mazoezi yalisimamishwa tena kwa sababu askari wapatao 30 walikuwa wameugua. Marekani nayo mwaka 2025 iliufuta mpango wa M10 Booker, gari lililotakiwa kuwa jepesi likaishia kuwa zito. Wao waweza kupoteza bilioni na kesho wakala mkate. Sisi tukipoteza bilioni, darasa langu la wanafunzi 70 linakuwa la 90.

Huko Ukraini, tangu 2022, ulimwengu umeona vifaru vya thamani ya mamilioni ya dola vikiunguzwa na ndege ndogo zisizo na rubani zilizogharimu dola mia chache. Umeona pia vifaru vya T-55 na T-62, vyenye umri wa babu, vikitolewa maghalani vikarudi kazini. Watu hujifunza mafunzo mawili yanayopingana hapo, mmoja akisema kifaru kimekufa na mwingine akisema kifaru hakifi. Sina ujuzi wa kuamua. Nijualo ni kwamba askari wa Uganda walivitumia vifaru vya T-55 katika vichochoro vya Mogadishu mwaka 2010 na 2011, vikafaa, kwa kuwa adui hakuwa na vyake na kwa kuwa Waganda walikuwa na watu wa kuviweka hai. Uganda hiyo hiyo imejifunza kuunda katika karakana zake magari ya deraya yenye majina ya Kiswahili, Nyoka na Chui. Sijui kama ni bora kuliko ya Waturuki. Huenda si bora. Lakini mkono uliounganisha mlango wa Chui hautangoja meli kuufungua.

Basi nini kifanywe? Kwanza vifaru vikongwe. Yapo maneno ya kuvifanya upya, kuvitia injini mpya, macho ya usiku na mitambo ya hesabu. Napinga. Kiwanda cha Newcastle kilichoviunda kimekwisha kufungwa, na kila kipande kitakachotiwa kitakuwa cha kutungwa peke yake, kama viatu vya mtu mwenye miguu isiyolingana. Wachague vichache vilivyo vizima kabisa vibaki kwa mazoezi na kwa siku mbaya isiyotabirika. Vingine vivuliwe vipuri viwalishe hivyo vichache. Fedha iliyookolewa iende kwa magari ya magurudumu yenye tumbo la mtumbwi, ya aina mbili au zikizidi tatu, yenye injini zinazopatikana Nairobi. Tena iende, na hapa ndipo ninapopandisha sauti, kwa mafundi. Barabara ya Mombasa, mwendo mfupi kutoka Pipeline, pana kiwanda kinachounganisha malori kila siku ya kazi. Thika pana kingine, na Mombasa kingine. Vyuo vya ufundi vimejaa vijana. Fundi mzuri wa dizeli aliyeandikwa jeshini, akalipwa vizuri, akapandishwa cheo kama apandishwavyo mpiga risasi hodari, huongeza magari katika jeshi bila kununua hata moja.

Siyo kwamba napendekeza turudie ndoto ya gari la Nyayo. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde motokaa ya Kenya. Zikaundwa chache, mwaka 1990 zikaonyeshwa watu, kisha hadithi ikazimika. Kosa halikuwa kuthubutu. Lilikuwa kuanza na gari zima, lenye bendera na hotuba, badala ya kuanza na boliti. Nataka tuanze na boliti: springi, vioo, viti vinavyopunguza mshtuko, milango. Tukivijua hivyo, miaka 15 ijayo wanafunzi wa wanafunzi wangu wataamua kama wanataka lililobaki.

Kuna wapinzani wa upande mwingine nao, na hao huniuma zaidi kwa kuwa ni wenzangu. Husema: mwalimu mzima unatetea grisi ya magari ya vita, na shule yako haina maabara? Uza yote, jenga shule. Nimekaa na neno hilo usiku mwingi. Ni kweli kwamba bajeti ya ulinzi huhesabiwa kwa mamia ya bilioni, na ni kweli kwamba darasani kwangu vijana watatu hutumia kitabu kimoja. Lakini mwaka 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, na walimu wengi wakakimbia shule za kaskazini mashariki, na watoto wa huko wakakaa bila masomo. Shule ile inayopewa fedha za gari la deraya hufungwa siku barabara yake isipopitika. Sisemi tutumie zaidi. Nasema zile zinazotumika zitumike hata senti yake ya mwisho iwe inakwenda juu ya magurudumu, na hapo huenda zitabaki za maabara.

Mwingine atanyanyua kidole aseme: hayo ni siri ya jeshi. Siri gani? Idadi ya risasi zilizoko Lamu ni siri, na mimi siitaki. Lakini ibara ya 201 ya Katiba ya 2010 yataka uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma, wala haikuandika "isipokuwa za grisi". Mwaka 2008 meli MV Faina ilitekwa na maharamia ikiwa na vifaru 33 vya T-72. Tukaambiwa ni vya jeshi letu. Nyaraka za meli na barua za kibalozi zilizovuja baadaye zilionyesha kwamba safari yao ilikuwa Sudan Kusini. Raia akisha kuambiwa jambo la namna hiyo mara moja, asilaumiwe akiuliza mara mbili.

Kwa hiyo naiomba Kamati ya Bunge ya Ulinzi iulize kila mwaka, kabla haijapitisha senti, na ikihitajika iulize milango ikiwa imefungwa, maswali matatu. Tunayo magari mangapi ya deraya? Mangapi kati yake yaweza kuondoka leo asubuhi yakaenda kilomita 300 na kurudi? Na gari likiharibika, hungoja kipuri chake siku ngapi? Asiyeweza kujibu la kwanza hajui mali yake. Asiyeweza kujibu la pili na la tatu asije kuomba fedha za mapya.

Nilimsomea fundi wa pale chini maswali hayo jioni moja, alipokuwa amelala chini ya lori na miguu tu ndiyo ionekanayo. Alinyamaza kidogo, kisha akaupitisha mkono wake mweusi kwa mafuta akanionyesha daftari la shule lililokuwa juu ya tairi. Nikalifungua. Ndani yake mlikuwa na namba za magari yote ya wateja wake, tarehe ya kila breki, kila mkanda, kila chujio, na upande wa kulia, kwa kalamu nyekundu, siku ambazo kila gari lililala likingoja kipuri.

"Yale mawili ya taa nyingi," akasema kutoka chini, "yako ukurasa wa tisa. Usisome ukiwa hujala."